Wangeambiwa, Wangeiba

Kauli iliyonikera ni fupi, na aliyeitoa alikuwa ameshiba. Tulikuwa kwenye matanga karibu na Rongo, chini ya hema, sahani zimekwisha kuondolewa, mazungumzo yakaangukia hoteli moja ya mjini Homa Bay iliyofungwa bila wafanyakazi wake kujua. Sisemi hoteli ya kulala wageni. Nasema hoteli kama tunavyoijua huku: ugali, mbuta wa kukaanga, chapati, chai ya maziwa. Wafanyakazi walifika Jumatatu alfajiri kuwasha jiko wakakuta kufuli jipya. Mwenye hoteli alikuwa amejua kwa miezi mitatu kwamba anafunga. Nikasema hiyo ni dhuluma. Mfanyabiashara mmoja mwenye maduka Migori akanitazama kwa huruma, akasema, “Mwalimu, wangeambiwa, wangeiba.” Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia bei ya miwa.

Mimi sikuhama. Kila nikitaka kufikiri jambo jingine, kauli ile inanirudia.

Nianze na yale yasiyonigombanisha na mtu. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Hilo limesemwa tangu enzi za Wagiriki. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inajulikana: anayepunguza watu kwa sababu kazi imekwisha atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja au alipe mshahara wa mwezi badala yake, afisa wa kazi ajulishwe, na kila mwaka uliotumikwa ulipiwe si chini ya siku 15. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi si kibarua tena mbele ya sheria hiyo. Hayo ni ya mawakili. Ninachouliza ni kingine: je, habari ya mwisho wa jambo inaweza kuwa mali ya mtu? Je, ninaweza kukuibia kitu ambacho hujakijua bado?

Cicero, Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaeleza mfano ambao wanafalsafa waliomtangulia waliugombania. Mfanyabiashara anatia nanga Rhodes na shehena ya ngano wakati kisiwa kimeshikwa na njaa, na nafaka inauzwa bei ya kutisha. Njiani ameona meli nyingine zikija nyuma yake, zimejaa ngano. Je, awaambie wenyeji, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alisema ni kuficha, kwa kuwa binadamu wanadaiana ukweli. Cicero akasimama na mwanafunzi. Mfano mzuri, ila mimi huwa nawaza mabaharia. Ile meli ilikuwa na watu waliovuta makasia na kuhangaika na tanga mpaka bandarini. Walijua bosi wao anawaza nini? Walijua kama baada ya Rhodes wana kazi? Katika mjadala mzima sijaona aliyewauliza.

Sasa turudi jikoni. Mmoja wa wahudumu, mama ambaye kila mteja alimwita Nyar Kabondo, alikopa kwenye chama mwezi wa pili wa ile siri ili amalizie karo ya mwanawe. Alikopa kwa sababu ana kazi. Mpishi wa samaki alialikwa na hoteli nyingine ya mjini Mbita, mshahara ukiwa juu kidogo, akakataa kwa kuwa amezoea jiko hili na bosi amekwisha kumpa mkono. Kijana wa kuosha vyombo alihama kwa shangazi yake akapanga chumba. Mitatu hii ni mipango ya watu wazima wenye akili timamu. Wala hawakuota tu: mji wenyewe ulikuwa umechangamka. Madaraka ya 1 Juni 2025 ilifanyika Homa Bay, Agosti ikaja mkutano wa ugatuzi, magavana na wapambe wao wakajaa, hoteli zikapakwa rangi, meza zikaongezwa. Anayeona bosi wake akipaka rangi ukuta ana haki ya kuamini kwamba ukuta huo utakuwepo mwakani.

Mshahara hulipia siku iliyokwisha kufanywa. Lakini mfanyakazi hutoa kitu kingine ambacho hakiandikwi popote: anaacha kutafuta kwingine. Kila asubuhi anayokuja kwako ni asubuhi ambayo hakwenda mahali pengine. Anakukopesha kesho yake. Siku zote mkopo huu ni wa hatari na pande zote mbili zinaijua hatari hiyo. Hoteli hufa, mvua hubomoa, maradhi huja. Mambo yanageuka siku mmoja anapojua na mwingine hajui. Tangu siku hiyo hakuna mkopo tena. Mmoja anachukua na mwingine anaendelea kutoa akidhani wanabahatisha pamoja.

Kuna pingamizi za haki kabisa: kwamba mwenye hoteli naye alipoteza mtaji, kwamba pengine alitumaini mpaka siku ya mwisho, kwamba habari ya kufunga ikivuja muuza unga anakatiza mkopo na hoteli inakufa mapema zaidi. Nazikubali, tuendelee.

Ile nyingine siikubali, na nitaifungua kama samaki, kutoka tumboni hadi mkiani.

Wangeambiwa, wangeiba. Kwanza, wangeiba nini? Pesa za wateja ziliingia moja kwa moja kwenye simu ya mwenye hoteli kwa M-Pesa, na anayelipa taslimu alimpa keshia, ambaye ni mpwa wake. Kilichobaki ni sufuria, vikombe, nusu gunia la unga, mtungi wa gesi. Tuseme wangebeba vyote. Thamani yake haifikii mishahara ya mwezi mmoja ya watu wale, ambayo sheria ilitaka walipwe kama hakuna notisi, na ambayo hawakulipwa. Kwa hiyo tunaogopa wizi mdogo ambao haukutokea, na wizi mkubwa uliotokea tunauita tahadhari ya biashara.

Pili, tuangalie nani hasa alikuwa akibeba vitu. Katika wiki za mwisho friji kubwa ya samaki ilitoka “kwa fundi.” Nyar Kabondo alisaidia kuishika upande mmoja ipite mlangoni, akawa anaulizia kila Ijumaa kama fundi amemaliza, maana samaki walikuwa wanaharibika na lawama za wateja zinamwangukia yeye. Baadaye viti vya plastiki vilipelekwa “kwa harusi.” Televisheni ikafuata. Hoteli ilihamishwa mbele ya macho yao, na wao ndio waliobeba. Kama kuna aliyechota mali usiku huku wengine wamelala, hakuwa mtu wa jikoni.

Tatu, ile siri haikuwa siri kwa kila mtu. Mwenye jengo aliambiwa, kwa sababu ana mkataba wa pango na angeweza kushtaki. Benki iliambiwa. Ndugu wa mwenye hoteli aliambiwa. Hawa wote wangeweza kuiba pia, na kwa kiasi ambacho muosha vyombo hawezi hata kukihesabu. Tofauti yao na mpishi si uaminifu. Ni kwamba wao wana uwezo wa kumuumiza mtu asiyewaambia. Aliyeambiwa ni anayeogopwa.

Nne, na hapa ndipo ninapotaka yule bwana wa Migori anisikilize. Anasema mfanyakazi akijua kesho haipo atakuwa mwizi leo. Maana yake uaminifu wa mfanyakazi ulinunuliwa kwa matumaini ya kesho. Haya, nakubali kwa ajili ya mjadala. Basi matumaini yalikuwa sehemu ya malipo! Mwenye hoteli alikuwa akilipa kila siku kwa sarafu mbili, shilingi na tumaini, na kwa sarafu ya pili akapata kitu cha thamani kuliko ya kwanza: watu wasioiba. Kwa miezi mitatu alijua sarafu ile ya pili ni bandia na akaendelea kulipa nayo. Anayelipa kwa noti bandia hatujawahi kumsifu kwa kuwa mwangalifu. Polisi huja.

Tano, hoja yenyewe haiwezi kushindwa, na hilo pekee lilitosha kuitilia shaka. Wafanyakazi wakiiba, unasema si nilisema. Wasipoiba, unasema ni kwa sababu hawakujua. Hakuna tendo jema wanaloweza kulifanya likahesabiwa kuwa lao. Lakini ukitoka nje ya Homa Bay kuna mifano. Hilton ya Nairobi, lile jengo la duara lililofunguliwa 1969, ilitangaza Mei 2022 kwamba itafunga 31 Desemba mwaka huo. Miezi saba kila mpishi na kila mpanga vitanda alijua tarehe. Wageni waliendelea kupokelewa. Najua nitaambiwa kwamba Hilton si kihoteli cha ufukweni, kuna walinzi na kamera. Vyema, basi tatizo ni kamera. Tusiseme tena ni tabia ya maskini.

Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Methali hii ilitungwa kwa mtu anayeficha ugonjwa wake mwenyewe. Haikumfikiria anayeficha, kisha kilio kikawaangukia wengine naye yuko Nairobi.

Hapa sina budi kumtaja Tom Mboya, na wanaonijua watashangaa kwamba nimechelewa. Amezikwa kisiwani Rusinga, katika kaunti hii hii ya Homa Bay. Siku hizi unavuka kutoka Mbita kwa gari bila kulowesha kiatu. Kabla hajawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kabla ya mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa wa 1955 uliompa jina, alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Katika kitabu chake, Freedom and After, kilichotoka 1963, anasimulia siku alipokuwa peke yake ofisini akipima maziwa. Mwanamke Mzungu akaingia na chupa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu pale. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Watu husoma kisa hicho wakamcheka mkoloni. Mimi huona kwamba yule mama hakusema uongo kwa kipimo chake. Macho yake yalikuwa mazima. “Mtu,” kwake, ni yule unayewajibika kumpa maelezo, na katika chumba kile kwa kweli hakumwona. Nadhani mwenye hoteli yetu alipokuwa akipanga kufunga naye alichungulia jikoni na kujiuliza kama kuna mtu. Mboya huyu huyu, akiwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, ndiye aliyesimamia makubaliano ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi kwamba mizozo ya kazi ijadiliwe mezani kwanza. Wapo wanaosema makubaliano yale yaliwafunga wafanyakazi mikono, na siku nyingine nitabishana nao, kwa sababu kuna siku nakubaliana nao. Lakini kukaa mezani kunadai kwanza uonekane. Chama cha wafanyakazi humwona mwenye kadi. Muosha vyombo anayelipwa jioni kwa jioni hana kadi.

Laiti ningeweza kuishia hapo, nikamwachia yule bwana mzigo wake. Tatizo langu ni Awendo.

Kiwanda cha sukari cha SONY, kilichoasisiwa miaka ya sabini, ndicho kilichojenga mji ule. Hoteli za pale hula kutokana na mishahara ya kiwanda. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vya umma vya Nzoia, Chemelil na Muhoroni. Hakuna anayeweza kusema watu wa Awendo hawakuambiwa. Waliambiwa kwa miaka, na kila waziri, na kila gazeti, huku malimbikizo ya mishahara yakirundikana. Walijua mwisho unakuja, ila tarehe ndiyo haikujulikana. Kujua huko kuliwafaa nini? Wengine hawakuthubutu kuondoka wasije wakapoteza wanachodai. Wengine waliacha kusikia kabisa, kama mtu anayeishi kando ya mashine. Hoja yangu kwamba kuambiwa ni kurudishiwa kesho inafika Awendo ikiwa imechoka. Labda kinachodaiwa si habari bali tarehe. Lakini nikidai tarehe, nimemdai mwenye hoteli kitu ambacho mara nyingi hana mpaka kufuli linaponunuliwa.

Sheria yenyewe haijanisaidia. Inaposema notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi badala yake, imeamua kwamba muda wa kujiandaa unauzika, na bei yake ni mshahara. Mpishi aliyekataa kazi ya Mbita angelipwa mwezi huo bado angekuwa hana kazi ya Mbita. Hata hivyo sithubutu kuudharau mwezi huo mbele ya watu ambao hawakuupata.

Nilimpelekea Nyar Kabondo hoja zangu, zile tano, nikitarajia shukrani. Sasa anakaanga samaki kando ya stendi ya magari, na deni la chama bado analilipa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema lile la friji limemuuma kuliko yote, kwa sababu aliibeba. Halafu akasema, “Lakini Mwalimu, angeniambia mwezi wa kwanza nisingekopa, na mtoto asingefanya mtihani. Nani angenikopesha bila kazi?” Nikamwambia hilo halimsafishi mwenye hoteli. Akasema hajasema limemsafisha. Nikamuuliza basi alitaka kuambiwa lini. Akasema baada ya karo.