Mtangazaji wa Saa Kumi Alfajiri

Hivi, neno linalosemwa bila kusikiwa na mtu lina thamani gani? Usicheke ndugu msomaji, nitalijibu swali hili kwa mchezo wa besiboli.

Tarehe 18 Aprili 1981, timu mbili za ligi ya chini huko Marekani, Pawtucket na Rochester, zilikutana mjini Pawtucket. Besiboli ina vipindi 9. Timu zikitoka sare, vipindi huongezwa mpaka apatikane mshindi. Usiku ule hakupatikana. Baridi ilikuwa kali, hata wachezaji wakachoma magongo yaliyovunjika ili waote moto. Mechi ilisimamishwa saa 10 na dakika 7 alfajiri, baada ya vipindi 32, matokeo 2-2. Kati ya watazamaji 1,740 walikuwa wamebaki 19 tu. Na redio ya Rochester ilikuwa bado inatangaza!

Mechi ilimaliziwa tarehe 23 Juni. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa wamegoma, basi waandishi na kamera za televisheni wakamiminika Pawtucket. Wenyeji walishinda 3-2, na kazi yote ilichukua dakika 18.

Sasa niambie, ni nani aliyeitangaza mechi ile?

Wapo watakaosema kwamba tangazo bila msikilizaji ni kelele, na kwamba kamera za Juni ndizo zilizoifikisha habari kwa watu. Sikatai. Habari ni ya watu, bwana. Lakini kamera zilifuata umati. Mtangazaji wa alfajiri hakuwa na umati wa kufuata. Tena mtangazaji wa redio hawezi kuhesabu masikio. Huenda yupo mlinzi mmoja lindoni, au mama wa mchezaji aliyekosa usingizi. Akizima kipaza sauti kwa kudhani hakuna mtu, ameshaamua kwamba yule mmoja si mtu.

Wala hakuna ambaye angemkagua. Angeweza kuruka mpira huu na ule, nani angejua? Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukweli wa mtu hupimwa.

Nasi tunaoandika katika majarida madogo tunaulizwa kila siku: "Eti, nani anawasoma?" Hatujui. Lakini kutojua huko hakuturuhusu kuandika ovyo.