Kuijua Njia si Kumkana Kiongozi



Vijana wetu waliosoma elimu ya viumbe hai hutuletea swali linalostahili kujibiwa kwa heshima, wala si kwa hasira. Husema: "Sheikh, wataalamu wamekwisha kuonyesha jinsi viungo vya leo vilivyotokana na vya kale. Basi Muumba Amebakiwa na kazi gani?" Na tulipime swali hili kwa mfano wa kitu kidogo kabisa.

Ndani ya seli za miili yetu mna vyombo viitwavyo mitokondria, ambavyo hutupatia nguvu kutokana na chakula. Mitokondria za mwanadamu huhitaji protini za aina zaidi ya 1,000, lakini maagizo yaliyomo ndani yake zenyewe hutosha kutengeneza aina 13 tu. Nyingine zote hutengenezwa nje, kisha huingizwa kwa kupitia vilango vyembamba katika kuta zake mbili. Protini iliyokwisha kujikunja haipiti, kama vile mtumba mnene usivyopita katika mlango mwembamba mpaka ufunguliwe.

Kwa hiyo ziko protini nyingine ambazo kazi yake ni kusindikiza. Wasindikizaji wa nje huishika protini isijikunje kabla ya wakati. Wa kati, waliopangika sita sita kwa umbo la pangaboi, huzivusha baadhi ya protini zisigandamane njiani. Wa ndani huivuta, na mwingine mwenye umbo la pipa huipa nyingi kati yake nafasi ya kujikunja sawasawa. Kazi ikiisha, msindikizaji huiachilia na kurudi kupokea nyingine. Wala usiwadharau kwa udogo wao. Uko ugonjwa wa kurithi, ulioelezwa kwanza nchini Norway mwaka 1960, ambao huwaondolea usikivu hasa watoto wa kiume, na baadaye viungo vyao hukakamaa na kujipinda. Chanzo chake ni kasoro ya msindikizaji mmoja tu wa kati.

Wasindikizaji hawa walitoka wapi? Yule wa ndani avutaye hufanana mno na mwenzake aliyemo katika bakteria. Na mitokondria zenyewe ni uzao wa bakteria walioingia katika seli nyingine zaidi ya miaka milioni 1,500 iliyopita. Lakini wale wadogo wa kati hawana babu aliye dhahiri katika bakteria. Hapa baadhi ya waumini hukimbilia kusema: "Tazama, hapo ndipo penye mkono wa Mungu!" Ndugu yangu, jihadhari na hoja hiyo. Je, babu huyo akipatikana kesho, utamwondoa Mungu hapo? Anayemweka Mola wake katika giza la ujinga wake atampoteza kila taa inapowashwa. Mwenyezi Mungu ni Mola wa tunayoyajua kama Alivyo Mola wa tusiyoyajua.

Sasa twende Tabora. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga kwa nyayo zao, kirangozi akiwa mbele. Baadaye Wajerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ile ya kale. Je, yuko mwenye akili asemaye kwamba kwa kuwa reli ilifuata njia ya zamani, basi haikuwa na mhandisi? Mfano huu hauthibitishi kuwako kwa Mungu. Huonyesha tu kwamba kuijua njia si kumkana kiongozi.

Tena, fikiri juu ya vumbi la njia ile. Alipita mpagazi aliyekubali ujira, na alipita mtumwa aliyefungwa minyororo. Nyayo zao mavumbini zilikuwa sawa. Mtaalamu wa nyayo angeweza kukuambia walitoka wapi, wakaenda wapi, na uzito wa mizigo yao. Lakini kwamba mmoja alipata haki yake na mwingine alidhulumiwa, vumbi halikulisema. Vivyo hivyo sayansi husoma nyayo za uhai, na husoma vizuri. Tuipokee kwa shukrani. Ila swali la kwa nini, na la haki na dhuluma, halijibiwi na vumbi.

Katika Sura Ta Ha, Nabii Musa a.s. alipomjibu Firauni alitaja mambo mawili pamoja: kuumbwa kwa kila kitu, na kuongozwa kwake. Naye Hazrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifatul Masih wa Nne, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya ufunuo na akili, hakukana kwamba uhai ulipanda daraja kwa daraja. Alichokikana ni kwamba ulipanda bila Mwongozi.

Basi kijana, soma bila hofu. Na kila ujuapo hatua moja zaidi ya njia, muulize pia Yule Aliyekusindikiza tangu tumboni mwa mama yako: Wanipeleka wapi? Mwenyezi Mungu Atujalie elimu isiyoogopa imani, na imani isiyoogopa elimu. Amin.