Mwamba Unaofaa na Haki ya Kuuchimba

Nyutrino ni chembe ndogo mno zisizo na chaji ya umeme, ambazo hutoka kwenye jua na nyota na kupenya dunia nzima karibu bila kizuizi, na kwa sababu hiyo haziwezi kuchunguzwa vyema juu ya ardhi, ambako miale itokayo anga za mbali huzalisha mvua isiyokoma ya chembe nyingine ziitwazo miuoni na kuifunika ishara dhaifu inayotafutwa. Wanafizikia wamelazimika kushuka chini ya milima, na uchaguzi wa mlima ukawa kazi ya wanajiolojia. Je, mwamba ukishathibitishwa kuwa unafaa, imethibitishwa pia kwamba mwanadamu ana haki ya kuuchimba?

Mfano wenye uzito mkubwa uko Marekani, katika milima ya Black Hills, jimbo la South Dakota, ambako mgodi wa dhahabu wa Homestake ulianza mwaka 1876, na ambako, kwenye kina cha takriban mita 1,480, Raymond Davis alinasa nyutrino za jua kuanzia miaka ya 1960, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Baada ya mgodi kufungwa na pampu kuzimwa mwaka 2003, maji yalipanda ndani ya mashimo, na ilibidi yavutwe tena kabla ya wanasayansi kurejea. Waliopima mahali hapo waliuliza maswali ya haki kabisa: mwamba una nyufa kiasi gani, maji hupita wapi, ukumbi mpana utasimama kwa miongo mingapi bila paa kuporomoka, na mwamba wenyewe una urani na thoriamu kiasi gani, kwa kuwa madini hayo hutoa mionzi inayoweza kudhaniwa kuwa ndiyo ishara inayosubiriwa. Jibu la swali la mwisho hubadilika hata ndani ya mlima mmoja; amfiboliti, mwamba mweusi uliogeuzwa na joto na mgandamizo, una mionzi kidogo, ilhali rayoliti, ambayo ni mwamba wa volkano uliopenya katikati yake, ina mionzi mingi zaidi.

Maarifa hayo hupatikana kwa kutoboa na kutoa nguzo nyembamba za mwamba, kisha kukisia kutokana nazo hali ya sehemu kubwa ambayo hakuna jicho lililoiona. Mwanajiolojia mwaminifu hutaja kiwango cha shaka yake, na huo ni uadilifu unaostahili heshima. Lakini shaka hiyo huhusu nguvu ya mwamba peke yake.

Walakota, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, huiita milima hiyo ya Black Hills He Sapa, na masimulizi yao husema kwamba watu walitoka chini ya ardhi kupitia pango ambalo leo linaitwa Wind Cave, upande wa kusini wa milima hiyohiyo. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwaachia ardhi hiyo. Mwaka 1877 serikali ikaitwaa. Na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba walistahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100, fedha ambazo wamekataa kuzipokea kwa kuwa wanachodai ni ardhi. Kwa hiyo katika milima ileile kuna makundi mawili ya watu wanaouliza asili ya vyote vilivyopo, na ni kundi moja tu lililopewa funguo za lango.

Huenda ikasemwa kwamba shimo lilikuwapo tayari, na kwamba elimu si uchu wa dhahabu. Hoja hiyo ina ukweli, na thamani ya elimu hiyo haipingwi hapa, lakini haitoshi, kwani shimo lenyewe ni tunda la unyang'anyi, na karibu tani 800,000 za mwamba mwingine zilichimbwa kwa ajili ya kumbi mpya, kazi iliyokamilika mwaka 2024. Utakatifu wa mahali hauonekani katika nguzo ya mwamba iliyotolewa ardhini, na kutoonekana huko si ushahidi kwamba haupo. Tathmini isiyowauliza wenye mlima kabla ya tundu la kwanza kutobolewa ni tathmini pungufu, hata kama kila kipimo chake ni sahihi.