Tunutu Ndani ya Chupa

Februari 2020, majuma machache baada ya nzige wa jangwani kuingia kwetu Isiolo, mjukuu wangu aliniletea kidudu cha kijani ndani ya chupa. "Babu, huyu ni tunutu?" Alikuwa amesikia kwamba tunutu, yaani mtoto wa nzige, auawe popote aonekanapo.

Nilivaa miwani. Vipapasio vyake vilikuwa vifupi, kwa hiyo hakuwa wa ukoo wa senene, ambao vipapasio vyao ni virefu kama nyuzi. Zaidi ya hapo nilikwama. Panzi mchanga hana mbawa, na viungo vya uzazi, ambavyo wataalamu huvitegemea sana, havijakomaa. Rangi nayo hubadilika kila anapojivua ngozi, na tunutu hujivua mara tano au sita.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba nzige wawili waliodhaniwa kuwa wa aina mbali ni aina moja. Ndivyo alivyo na huyu wa jangwani: akikua peke yake huwa wa kijani, mtulivu, akisongamana na wenzake hugeuka manjano yenye madoa meusi, wakaandamana pamoja wakila. Basi hata kama ningelijua jina lake, lisingenieleza atakuwa nani.

Nilifundisha miaka mingi, na nilijivunia kuwatambua watoto mapema. Kijana mmoja wa darasa la saba nilimwandikia kwamba ni mkorofi, akafukuzwa shule. Sikuuliza alikaa na nani, wala alilala wapi. Niliangalia rangi tu.

Lakini je, jirani yangu ambaye kunde zake ziliishia matumboni mwa nzige, nimwambie asubiri mpaka ahakikishe? Anayeweza kusubiri mara nyingi ni yule asiye na shamba. Hoja hiyo sijaipatia jibu, na sidhani kama huruma peke yake inalitoa.

"Ulimwokota wapi?" nilimwuliza mtoto. "Alikuwa na wenzake?"

"Hapana, peke yake, kwenye nyasi za kisimani."

Tulikwenda wote, akafungua chupa. Kesho yake alfajiri, bila kumwambia, nilirudi kisimani na fimbo, nikapekua nyasi kutazama kama wako wengine.