Bustani ya Nyumba na Mali ya Yatima

 

Haimpasi Mwislamu mwenye ua nyuma ya nyumba yake kuuacha ukaota magugu. Kipande kidogo hutoa mchicha, bamia na mpapai, na maji yaliyooshewa mchele yatosha kuinywesha miche. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Basi ikiwa ndege asiyealikwa huleta thawabu, itakuwaje kwa yatima aliyeletwa nyumbani akalishwa?

Walakini kulea mtoto wa mtu kuna sharia zake, na wengi huingia kwa huruma pasina elimu. Zaid bin Haritha alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad, hata iliposhuka aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab kuamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Naye akarudishiwa jina la Haritha. Mapenzi hayakupungua kitu: mwaka 629 alifanywa amiri wa jeshi lililokwenda Muta, na huko akafa shahidi. Ama urithi, mtoto wa kulea hana fungu. Lakini mlezi aweza kumpa angali hai, au kumuusia kwa kisichozidi thuluthi ya mali. Anyamazaye mpaka mauti yamfikie humwacha mtoto mikononi mwa warithi, na warithi wana hesabu zao.

Zito zaidi ni mali ya yatima mwenyewe. Huenda mtoto akaja na kiwanja alichoachiwa na babake, chenye minazi mitatu na mwembe, mlezi akapanda muhogo humo, akala yeye na wanawe, na akiulizwa husema, "Si namlea?" Aya ya 10 ya Sura An-Nisaa yawaonya walao mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wala moto matumboni mwao. Masahaba waliposikia maonyo hayo walitenga chakula cha yatima na chao. Kikibaki huwekewa mwenyewe, hata kikaharibika. Likawa jambo zito kwao, ndipo ikashuka aya ya 220 ya Sura Al-Baqara kuwaruhusu kuchanganya nao. Basi chungu kimoja si haramu. Haramu ni hila.

Na Mtume (s.a.w.) alipofika Madina mwaka 622, uwanja uliochaguliwa kujengwa msikiti ulikuwa wa mayatima wawili, Sahl na Suhail, nao ulikuwa mahali pa kuanikia tende. Walitaka kumpa bure, akakataa illa kwa thamani yake. Ikiwa msikiti wa Mtume ulilipiwa, muhogo wa mlezi una udhuru gani?

Yapasa mlezi aandike tangu siku ya kwanza: minazi mingapi, nazi zimeuzwa kwa kiasi gani, na kilichotumika kwa mtoto. Mlezi tajiri asiguse kitu. Aliye maskini ale kwa kadiri ya wema. Mtoto naye ashike jembe pamoja na wana wa nyumba, si peke yake nao wakicheza. Na akibaleghe, akaonekana ana rushdi ya kutunza mali, akabidhiwe kiwanja chake na hesabu zake mbele ya mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 6 ya An-Nisaa.