Kompyuta ya Sebuleni

Jioni katika nyumba nyingi siku hizi kila mtu yupo, lakini kila mtu ameinamia simu. Mtoto anaandika insha ya shule kwa kidole gumba akiwa kitandani, kwenye simu ya mama, na mama anaihitaji simu hiyo hiyo. Anayeandika hatujui anaandika nini, wala hatujui ameacha kuandika saa ngapi.

Chanzo, kwa maoni yangu, ni namna sisi wazazi tunavyonunua. Tunauliza bei na rangi, hatuulizi kifaa kitakaa wapi. Kompyuta mpakato ina manufaa yake, ila huishia chumbani, mlango ukafungwa. Ndiyo maana nawashauri wenzangu watafute kompyuta ndogo ya mezani, ikae sebuleni mahali ambapo anayepita huona kinachofanyika.

Ndogo hizo zipo. Mac mini iliyotoka mwaka 2024 haifiki sentimita 13 kila upande, nayo ilianza na RAM ya GB 16. Wasioimudu watapata zilizotumika maofisini, kama Lenovo ThinkCentre Tiny au Dell OptiPlex Micro, lakini wachunguze prosesa kwanza. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, kwa kawaida hudai kizazi cha 8 na kuendelea. Ukiona i5-7500T, hicho ni kizazi cha 7. I5-8500T ni cha 8. Kwa kazi za shule RAM ya GB 8 inatosha. Kuhariri picha kunataka GB 16, kwa sababu faili moja ghafi ya kamera huweza kupita MB 20, na mhariri hufungua kadhaa kwa pamoja. Diski iwe SSD. Kioo kiwe cha IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki sana mtazamaji akikaa pembeni, maana hapa watakaa wawili au watatu. Kompyuta hizi hazina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Bajeti iwe na nafasi ya UPS.

Fundi atakuuliza kama akuwekee programu ya picha ya kulipia, iliyovunjwa kufuli. Mtoto akiwa amesimama kando yako, jibu lako ni somo. Hatuwezi kumkanya asinakili mtihani wa mwenzake huku akijua kwamba programu anayoitumia imeibwa. GIMP ni ya bure na inahariri picha vizuri, LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa insha na hesabu za majedwali. Zitawasumbua wiki za mwanzo. Jifunzeni pamoja.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni picha zenyewe. Tumezoea kuchukua picha ya mahafali ya binti yetu, tukaing'arisha ngozi yake, tukaupunguza uso, kisha tukaituma kwenye kundi la ukoo. Binti yuko nyuma ya kiti anatazama. Hatukumwambia neno lolote baya, lakini ameona kwamba uso wake ulihitaji kurekebishwa kabla ya shangazi kuuona. Kuongeza mwanga katika picha iliyopigwa kivulini, kunyoosha upeo ulioinama, kukata ukingo wenye vurugu: hayo ni ufundi, na afundishwe. Sura yake tuiache. Na kabla ya kuituma, tumwombe ruhusa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa. Anayepewa dhamana hiyo hastahili kuwa wa kwanza kuzitawanya.

Kila mtoto awe na akaunti yake, na nywila ya msimamizi ikae kwa wazazi. Saa ya kuzima nayo ijulikane, na iwe ya wote. Kama kompyuta inazimwa saa tatu usiku, simu ya baba iwekwe kwenye chaji sebuleni saa hiyo hiyo. Na baba akiwa na kazi ya ofisi isiyoweza kungoja, awaeleze watoto ni kazi gani na ataimaliza lini.