Ufa na Ukuta: Swali la Kimaadili juu ya Kuta za Belfast

Utangulizi

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema na kuzifasiri kwa wepesi. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba uzembe mdogo huzaa gharama kubwa. Hata hivyo, tafsiri hiyo imesimama juu ya jambo ambalo methali yenyewe hailitamki, nalo ni kwamba ukuta unaozungumziwa ni ukuta wa nyumba, ukuta ubebao paa, na kwamba ufa wake ni hatari kwa wote walalao ndani. Je, ukuta ukiwa haubebi paa lolote, ila umesimamishwa ili kumtenga jirani na jirani, ufa wake ungali dosari ya kuzibwa? Na ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba ukuta wa namna hiyo ubomolewe? Makala haya yanayajadili maswali hayo kwa kurejelea mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, ambako kuta za aina hii zimedumu kwa zaidi ya nusu karne.

Ukuta wa Muda

Mnamo Agosti 1969 ghasia kali zilizuka Belfast baina ya mitaa ya Wakatoliki, ambao wengi wao walitaka Ireland iwe nchi moja, na mitaa ya Waprotestanti, ambao wengi wao walitaka kubaki chini ya Uingereza. Katika Bombay Street, mpakani mwa maeneo ya Falls na Shankill, nyumba zilitiwa moto na familia zikakimbia na vitu vichache mikononi. Wakazi walijiwekea vizuizi kwa chochote walichokipata, na mwezi uliofuata jeshi la Uingereza likaanza kuweka seng'enge baina yao. Kamanda wa jeshi hilo, Ian Freeland, alieleza kwamba kizuizi hicho kingekuwa cha muda mfupi sana na kwamba mji huo haungekuwa na Ukuta wa Berlin.

Ukuta wa Berlin ulisimama tangu 1961 hadi 1989, yaani miaka 28. Ule wa Belfast umeupita mbali. Seng'enge iligeuka mabati, mabati yakageuka matofali na saruji, na juu ya saruji zikapandishwa nyavu za chuma hata ukuta ukazipita kwa kimo nyumba zilizo kando yake. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 ulikomesha sehemu kubwa ya vita vilivyokwisha kuua watu wapatao 3,500, lakini haukuziondoa kuta. Mwaka 2007 ukuta mpya ulijengwa katika uwanja wa shule ya msingi ya Hazelwood, shule iliyoanzishwa makusudi ili watoto wa pande zote mbili wasome pamoja. Mwaka 2013 serikali ya Ireland ya Kaskazini iliweka lengo la kuziondoa kuta zote kufikia 2023. Mwaka huo ulipita, na nyingi zikabaki pale pale.

Tukiisoma historia hii kwa methali yetu, twaweza kusema kwamba ufa ulikuwako kitambo kabla ya ukuta. Ubaguzi katika ugawaji wa nyumba, katika ajira na katika kura za mabaraza ya miji ulilalamikiwa kwa miaka mingi pasipo kuzibwa. Tena kuna ushahidi wa kale zaidi. Makaburi ya mji wa Belfast yalifunguliwa mwaka 1869, na chini ya ardhi yake ukajengwa ukuta wa kuwatenga wafu wa Kikatoliki na wafu wa Kiprotestanti. Mpita njia hawezi kuuona. Karne moja kabla ya seng'enge ya 1969, mji ulikuwa umekwisha kuamua kwamba ujirani usiwezekane hata mavumbini.

Lakini hapa methali inafika mwisho wa uwezo wake. Mwenye nyumba aliyezembea akajenga ukuta upya, angalau nyumba yake hupona. Belfast ilijenga na haikupona, kwa kuwa ukuta wake haukuuondoa ufa. Ni ufa ule ule, umevishwa matofali.

Jina na Tafsida

Kuta hizi huitwa kuta za amani. Mhakiki wa fasihi hana budi kusita mbele ya jina hilo. Ni tafsida, na kazi ya tafsida ni kutupunguzia uzito wa jambo ili tuweze kuishi nalo. Neno "amani" hapa lina maana ya kutorushiwa jiwe. Maana hiyo tusiidharau: mama ambaye ua wa nyuma ya nyumba yake umefunikwa kwa nyavu za chuma, kama zilivyo baadhi ya nyua za Bombay Street, analijua jiwe kuliko mwanafalsafa yeyote. Msomaji wa Kenya anayekumbuka miezi ya mwanzo ya 2008, majirani wa miaka mingi walipogeuziana visogo na wengine kuhama wasirudi, hatamcheka mama huyo.

Ubaya wa tafsida unatokea baadaye. Mtoto aliyezaliwa kando ya ukuta huo hakuiona seng'enge ikitandazwa, wala hakusikia ahadi kwamba ungekuwa wa muda mfupi. Yeye hupokea jina peke yake, na jina linamwambia kwamba amani ni kutomwona jirani. Jambo lililokuwa dawa kwa babu huwa maumbile kwa mjukuu. Kwa maoni yetu, kosa la kimaadili haliko katika kujenga ukuta usiku wa moto. Liko katika kusahau kwamba ukuta huo ulikuwa deni.

Ufa wa Pyramus na Thisbe

Katika kitabu cha nne cha Metamorphoses, Ovid anasimulia habari za Pyramus na Thisbe, vijana wa Babeli waliokaa nyumba zenye ukuta mmoja. Wazazi wao walikataza wasioane. Katika ukuta huo mlikuwa na ufa mwembamba ambao hakuna aliyewahi kuuona ila wapendanao hao, nao wakaufanya njia ya sauti zao. Hapa methali yetu inageuka: ufa ambao mwenye nyumba angeuziba ndio pekee uliobaki wa ujirani.

Belfast nayo ina ufa wake. Bustani ya Alexandra Park, kaskazini mwa mji, iligawanywa kwa ua wa chuma mnamo Septemba 1994, wakati ule ule Jeshi la IRA lilipositisha mapigano. Mwaka 2011 lango lilifunguliwa katika ua huo, nalo likawa likifunguliwa mchana tu. Mtu anaweza kuliona kuwa jambo dogo. Sisi tunaliona kuwa jambo la maana kuliko lengo la 2013, kwa sababu lango hukubali kufungwa, na anayejua kwamba lango laweza kufungwa ndiye anayethubutu kulifungua.

Hata hivyo, kisa cha Ovid hakiishi vizuri. Wapendanao walikubaliana kukutana nje ya mji, usiku, kwa siri. Thisbe alimkimbia simba na kuangusha ushungi wake. Pyramus akauona umetapakaa damu, akadhani mwenzake ameuawa, akajiua, na Thisbe akamfuata. Wengi husoma hapa onyo dhidi ya wazazi wakaidi. Sisi tunaongeza kwamba vijana hao walikufa kwa sababu ya kusoma ishara gizani, pasipo mtu mzima wa kuwaongoza. Wakubwa walikuwa wamejitoa, na mzigo wote wa kuvuka ukuta ukawaangukia wadogo. Mnamo Aprili 2021 lango la Lanark Way, baina ya Falls na Shankill, lilichomwa moto, na miongoni mwa waliorushiana mawe na chupa za petroli walikuwamo watoto.

Hitimisho

Nani basi abomoe? Wakazi wa kando ya kuta ni miongoni mwa maskini wa mji huo, na wengi wao wamesema mara kwa mara kwamba hawako tayari. Mtu akaaye mbali, ambaye dirisha lake halijapata kuvunjwa, hana haki ya kuwaita waoga. Akitaka ukuta uondoke, hana budi kushiriki hatari ya kuondoka kwake: kwa shule zinazochanganya watoto, kwa nyumba zinazogawanywa kwa haki, kwa ulinzi wa polisi wanaoaminiwa na pande zote. Hayo ndiyo paa. Mwaka 2016 ukuta uliokuwa Crumlin Road uliondolewa baada ya mazungumzo marefu na wakazi wenyewe, na hilo latuonyesha kwamba kazi hii si ndoto.

Methali inatuamuru tuzibe ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta. Kwa mji uliokwisha kujenga, wajibu ni mgumu zaidi: kuupasua ufa taratibu, mchana, huku wakubwa wamesimama pande zote mbili.